MIRAMBO MTU NA MIRAMBO ZIMWI: MAISHA YA MTEMI KATIKA SOMO LA HISTORIA

Mtoto wa Kahama aghalabu huingia darasani akiwa amekwisha kusikia nyumbani habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote wa dunia pamoja na mifugo yao. Kwa masimulizi yaliyo mengi ya Wasukuma na jirani zao, alisalia mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha katika makapi ya nafaka. Mwanamke huyo akamzaa Masala Kulangwa. Mtoto alipokua aliuliza alipo baba yake, na alipoambiwa habari za zimwi alikwenda kuwinda. Kila alichokiua, panzi au ndege au mnyama, alimletea mama yake na kumwuliza kama hicho ndicho Shing'weng'we. Kila mara alijibiwa kuwa sicho. Mwishowe alimpata mwenyewe, akamwua na kumpasua tumbo, watu wakatoka wakiwa hai.

Makala haya hayakusudii kuichambua hadithi hiyo kwa ajili yake yenyewe. Yanakusudia kueleza maisha ya Mtemi Mirambo wa Urambo, mtu wa kweli aliyevikwa ngozi ya zimwi angali hai, na kuonyesha jinsi mwalimu anavyoweza kuitumia hadithi ya kwanza kufundishia habari za pili.

Mirambo alizaliwa karibu na mwaka 1840. Jina lake la utotoni lilikuwa Mbula Mtelya, na baba yake Kasanda alikuwa mtemi wa Uyowa, nchi ndogo ya Unyamwezi magharibi ya Tabora. Enzi hizo Unyamwezi haikuwa dola moja. Ilikuwa mkusanyiko wa tawala nyingi ndogo, kila moja na mtemi wake. Katikati yake ilipita njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, ikichukua nguo, shanga na bunduki kwenda bara, na kurudi na pembe za ndovu na watumwa. Wanyamwezi wenyewe walikuwa wapagazi mashuhuri wa njia hiyo. Kabla ya hapo Watuta, tawi la Wangoni waliotoka kusini mwa Afrika, walikwisha kuingia katika nchi, na baadhi yao wakafanya maskani Ugomba, katika pande za Kahama. Mirambo aliishi nao katika ujana wake, akajifunza lugha yao na namna yao ya kupigana.

Aliporithi utemi, katika miaka ya 1860, hakuridhika na mipaka ya Uyowa. Aliwakusanya vijana wengi, wengine mateka, wengine watoro, wengine wasio na ukoo wa kuwalinda, akawafanya askari walioitwa rugaruga. Vijana hao walijifunga nguo nyekundu, wakavaa manyoya kichwani, na wapo waliosemekana kujipamba kwa meno na mifupa ya adui. Mwalimu na awaelekeze wanafunzi kuitazama mavazi hayo kwa makini. Hayakuwa mapambo tu, bali silaha. Kijiji kilichokwisha kusikia habari zao kiliweza kuvunjika moyo kabla ya risasi ya kwanza. Hata jina Mirambo, ambalo wengi hulifasiri kuwa ni maiti, lilikuwa likifanya kazi hiyo hiyo. Pamoja na hayo, Mirambo alikuwa na mwendo wa haraka na desturi ya kushambulia alfajiri, na watu wakaamini kuwa ana dawa za vita zilizowashinda wengine wote. Hivyo ndivyo mtu anavyogeuka zimwi: sehemu kwa matendo yake, sehemu kwa kutaka kwake mwenyewe, na sehemu kubwa kwa midomo ya walio mbali naye.

Mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora na kuifunga njia ya misafara. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alijiunga na Waarabu katika vita hivyo. Walifaulu mwanzoni, lakini Mirambo aliwavizia wakirudi na mateka, wakashindwa vibaya. Mwezi huo huo wa Agosti aliishambulia Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji, na mmoja wa wakuu wa Waarabu, Khamis bin Abdullah, akauawa. Stanley alilazimika kuzunguka kwa njia ya kusini ili afike Ujiji. Katika kitabu alichokiandika baada ya safari hiyo, Mirambo anaonekana kama mkuu wa wanyang'anyi. Wasomaji wa Ulaya na Marekani walimjua kwa sura hiyo kabla ya kumjua kwa nyingine.

Lakini Aprili 1876, Stanley akishuka kutoka Karagwe kuelekea Ujiji, alikutana naye uso kwa uso mahali alipopaita Serombo. Siku nyingi njiani alikuwa amesikia vijiji vikitetemeka kwa uvumi kuwa Mirambo yuaja. Aliyemwona ni mtu mrefu wa makamo ya miaka 35, mpole, msikivu, mwenye sauti ya chini, asiyefanana hata kidogo na picha aliyokuwa nayo. Walichanjana damu wakawa ndugu. Hapo mwalimu ana jambo adimu katika historia yetu: shahidi mmoja, juu ya mtu mmoja, kwa habari mbili zinazopingana, na tofauti ya habari hizo ni kuonana.

Isidhaniwe, hata hivyo, kuwa kuvua ngozi ya zimwi ni kumvika mtu kanzu ya malaika. Mirambo alichoma vijiji, akachukua mateka na kulipisha ushuru wa nguvu. Mwaka 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa huko Mpimbwe majeshi yake yalipokishambulia kijiji walimokuwamo, na jambo hilo likamharibia urafiki aliokuwa ameujenga na Balozi Kirk wa Unguja. Mirambo huyo huyo alimkaribisha Dakta Southon wa misheni ya London mwaka 1879, akampa mahali pa kukaa karibu na boma lake, na alitaka biashara ipite katika nchi yake kwa amri yake, wala si kwa amri ya wageni wa Tabora. Mauti yalimkuta tarehe 2 Desemba 1884, akiwa mgonjwa katika vita dhidi ya Ukune, nchi iliyomo katika Kahama ya leo. Ndugu yake Mpandashalo alimrithi, lakini dola ile, iliyosimama kwa nguvu za mtu mmoja, haikudumu. Baada ya miaka michache Wajerumani waliikuta imekwisha kudhoofika.

Sasa tuje kwenye ufundishaji. Inapendekezwa kwamba mwalimu aanze kwa kuwaacha wanafunzi wasimulie Shing'weng'we kama walivyoipokea, bila kuwakatiza wala kuwacheka. Kisha aandike ubaoni safu mbili: yaliyoshuhudiwa na yaliyosimuliwa. Habari za Mirambo zigawanywe humo moja baada ya moja. Kuchomwa kwa sehemu ya Tabora kutaingia safu ya kwanza. Dawa zisizoshindika zitaingia ya pili. Kwa kila jambo la safu ya pili wanafunzi waulize ni nani aliyefaidika nalo. Watagundua kwamba Waarabu walihitaji Mirambo awe jambazi ili wapate wa kuwasaidia. Mwandishi alihitaji adui wa kutisha ili kitabu kisomwe. Na Mirambo mwenyewe alihitaji kuogopwa ili apunguze vita. Safu ya pili isifutwe. Hofu ya watu nayo ni tukio la historia, na hadithi ni ushahidi wa hofu hiyo, ijapokuwa si ushahidi wa kile kilichoogopwa.

Hapo Masala Kulangwa arudi darasani. Kijana yule hakuamini kila kiumbe kuwa ndicho zimwi kwa sababu tu alikikuta njiani. Aliuliza, akakubali jibu la kuwa sicho, akaenda kutafuta tena. Mwanafunzi aelewe kuwa kuuliza huko ndiko kulikomwezesha kijana kumtambua adui wa kweli.

Mwalimu anaweza kusema kuwa haya ni mambo ya kale, na muda wa vipindi ni mfupi. Ukweli ni kwamba katika nchi hii ya Shinyanga na Geita, kumgeuza mtu kuwa kiumbe kisicho mtu kumeua watu katika zama zetu. Wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe kinachotumika kama kuni pale miti ilipokwisha. Tangu 2007 habari za kuuawa kwa watu wenye ulemavu wa ngozi zilienea nchini na nje. Nyuma ya mauaji hayo palikuwa na uvumi wa aina mbili: kwamba watu hao hawafi bali hutoweka, na kwamba viungo vyao huleta bahati ya dhahabu na samaki. Ni katika mji wa Kahama, Septemba 2009, Mahakama Kuu ilipotoa hukumu ya kwanza nchini katika kesi za namna hiyo, ikawahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumwua mtoto wa kiume.

Mahakama huja baada ya mtu kufa. Shule ina nafasi ya kuja kabla. Mtoto aliyezoea kuuliza habari fulani imeonwa na nani, na nani anafaidika ikiaminiwa, atakuwa na swali tayari siku atakapoambiwa kuwa jirani yake si mtu.

Kwa zoezi la nyumbani, kila mwanafunzi amwombe mzee wa ukoo wake amsimulie habari moja ya mtemi, ya vita au ya kiumbe cha kutisha. Aiandike kama alivyoisikia, kisha chini yake aeleze mzee aliipata kwa nani. Kazi hizo zisomwe darasani juma linalofuata, na safu mbili zichorwe upya ubaoni, mara hii kwa mkono wa wanafunzi wenyewe.