Charles Kettering, Bwana wa Cheche

Tumezoea kusoma habari za wafalme, majemadari na wasafiri wakubwa. Leo naomba nafasi niwaletee habari za mtu ambaye hakuongoza jeshi wala hakutawala nchi, lakini kazi yake ilikuwamo ndani ya karibu kila motokaa ya petroli iliyopita njiani kwa muda wa zaidi ya miaka hamsini. Jina lake ni Charles Franklin Kettering, Mmarekani. Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, na kazi yangu ni kutengeneza injini, hasa zile za zamani. Kwa hiyo kazi ya mtu huyu naishika kwa mikono yangu mara kwa mara.

Kettering alizaliwa tarehe 29 Agosti 1876, shambani karibu na mji mdogo wa Loudonville, katika jimbo la Ohio. Tangu ujana wake macho yake yalikuwa dhaifu, na kusoma kulimletea maumivu makali ya kichwa. Alifundisha shule kwa muda, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Ohio State, lakini macho yakamshinda, akalazimika kuacha masomo. Hata hivyo hakukaa bure. Alijiunga na kikundi cha mafundi wa simu, akachimba mashimo ya nguzo na kutandaza nyaya. Macho yalipopata nafuu alirudi chuoni, na wenzake wakamsaidia kwa kumsomea vitabu kwa sauti. Akahitimu uhandisi wa umeme mwaka 1904, naye ana umri wa miaka 27. Nalitaja jambo hili kwa ajili ya wale miongoni mwenu wanaodhani wamechelewa.

Mwaka huo huo alikwenda mji wa Dayton kufanya kazi katika kampuni ya National Cash Register, iliyotengeneza mashine za kuhesabia fedha madukani. Mashine hizo zilizungushwa kwa mkono. Kettering alitia ndani yake mota ndogo ya umeme. Aliona kwamba mota ya namna hiyo haina haja ya kufanya kazi mchana kutwa. Yatosha itoe nguvu nyingi kwa nukta chache, kisha ipumzike na kupoa. Mkumbuke jambo hili, kwa maana litarudi mbele.

Basi, mwenzake mmoja, Edward Deeds, alimwomba atazame namna ya kuwasha petroli ndani ya injini za motokaa. Wakawa wanafanya kazi jioni, baada ya saa za kampuni, katika ghala lililokuwa nyuma ya nyumba ya Deeds. Mwaka 1909 wakaanzisha kampuni yao, Dayton Engineering Laboratories Company. Ukichukua herufi za mwanzo za maneno hayo utapata jina Delco. Hata leo wasemao Kifaransa hukiita kile kifaa kinachogawa cheche kwa plagi delco, na wengi hawajui kuwa wanataja ghala la Dayton.

Kabla ya Kettering, motokaa nyingi zilitumia koili zilizotoa cheche nyingi mfululizo, zikala betri upesi na kuwasha bila uhakika. Yeye alifanya itoke cheche moja tu, yenye nguvu, kwa wakati wake. Nayo shida yote imo katika neno hilo, wakati. Petroli haiwaki yote mara moja. Huhitaji kitambo kidogo. Kwa hiyo cheche lazima ipigwe kabla pistoni haijafika juu. Ikipigwa mapema mno, injini hugonga na yaweza kuvunjika. Ikichelewa, gari huwa zito, huchemka, na moto mwingi hupotea kwenye bomba la moshi. Na mwendo ukizidi, cheche nayo lazima itangulie zaidi. Katika injini zilizokuja baadaye, mpira mwembamba hupeleka mvuto wa hewa kutoka kwenye njia inayoingiza hewa na petroli hadi kwenye distributa, ili cheche itangulizwe pale injini isipokuwa na mzigo mkubwa.

Mpira huo ni mdogo, lakini umewatesa wengi. Niliwahi kuletewa gari la zamani lililotetemeka likiwa limesimama, tena likavuta kwa uvivu barabarani. Mwenyewe alikuwa amekwisha kununua plagi mpya na koili mpya, na distributa imezungushwa mara tatu kwa mafundi watatu. Nilipopitisha kidole chini ya ule mpira niliona umepasuka ufa usiozidi urefu wa ukucha. Hewa ilikuwa ikiingia pasipo ruhusa, na cheche haikutangulia ipasavyo. Nikatia mpira mpya, kisha nikapanga upya wakati wa cheche, maana ulikuwa umeharibiwa na wale waliotafuta dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Kettering alikuwa mtu wa kuujua ugonjwa kwanza, na ndiyo sababu ya kumwandika.

Siku zile injini iliwashwa kwa hendeli. Dereva akisahau kurudisha nyuma wakati wa cheche, hendeli ilirudi kwa kishindo na kumvunja mkono, na wako waliokufa kwa majeraha. Kampuni ya Cadillac ilitaka njia iliyo salama zaidi. Wataalamu walisema kwamba mota ya umeme yenye uwezo wa kuzungusha injini ingekuwa kubwa mno. Hapo Kettering akaikumbuka mashine ya fedha: mota ndogo, nguvu nyingi, nukta chache. Mwaka 1911 stata yake ilifanya kazi, na Cadillac za mwaka 1912 zikauzwa zikiwa nayo. Mtu asiye na misuli aliweza sasa kuwasha gari peke yake.

Lakini sifa haikukaa bila lawama. Injini mpya zilizoshindilia petroli kwa nguvu zaidi zilianza kugonga, na watu wakasema kosa ni la cheche za Kettering. Angeweza kuchelewesha cheche kidogo ili kelele inyamaze, kama wafanyavyo mafundi wengi, na nguvu ya injini ipotee kimya kimya. Hakufanya hivyo. Kuanzia mwaka 1916, yeye na kijana aitwaye Thomas Midgley waliitafuta sababu yenyewe. Wakadhani kwamba petroli yenye rangi nyekundu ingepokea joto upesi zaidi, wakatia aidini, na kugonga kukapungua. Wangeweza kushangilia na kwenda nyumbani. Badala yake walijaribu rangi nyingine nyekundu, nayo haikusaidia kitu. Rangi haikuwa sababu. Hatimaye ikajulikana kwamba kosa halikuwa la cheche, bali la petroli: sehemu ya mwisho ya petroli hujilipukia yenyewe kabla moto wa cheche haujaifikia.

Ningependa kuishia hapa, lakini maisha ya mtu hayasimuliwi nusu. Tarehe 9 Desemba 1921 waligundua kwamba dawa yenye risasi, ikitiwa kidogo sana katika petroli, huzuia kugonga kabisa. Risasi ni sumu, na jambo hilo lilijulikana tangu zamani sana. Walijua pia kwamba spiriti itokanayo na mimea huzuia kugonga, lakini spiriti ni kitu cha watu wote, haiwezi kuwa mali ya kampuni moja. Mwaka 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja huko New Jersey walikufa kwa sumu hiyo baada ya kurukwa na akili. Mauzo yakasimamishwa mwaka 1925, kisha yakaanza tena mwaka uliofuata, nayo petroli hiyo ikaenea duniani kote, hata kwetu. Moshi wake umedhuru akili za watoto wasiohesabika. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliacha kuiuza kufikia mwaka 2006. Algeria, iliyokuwa ya mwisho ulimwenguni kuiuza kwa ajili ya magari, iliacha mwaka 2021, na habari hiyo ikatangazwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yapo Nairobi.

Kettering aliongoza utafiti wa kampuni ya General Motors tangu mwaka 1920 hadi 1947. Mwaka 1945 yeye na Alfred Sloan walisaidia kuanzisha huko New York taasisi ya kuchunguza ugonjwa wa kansa, ambayo ina majina yao mpaka leo. Alifariki Dayton tarehe 25 Novemba 1958, mwenye umri wa miaka 82.

Nikimpima mtu huyu, naona alijua kuuliza swali moja vizuri kuliko wengi: kosa limetoka wapi? Swali la pili hakulifuata kwa bidii ile ile: dawa hii italipiwa na nani? Ninyi mlio darasani sasa mtakuwa wahandisi, waganga, walimu na mafundi. Jifunzeni kwake kutolaumu cheche kabla ya kuchunguza petroli, na kutoridhika na aidini kwa sababu tu imefaulu. Lakini siku mtakapopata dawa yenye kufaa, msiitoe kiwandani kabla hamjawafikiria watakaovuta moshi wake.