Jenerali Mathews na Jeshi la Sultani

Chombo kinachoingia bandari ya Lamu kutoka bahari kuu hupita baina ya Shela na Ras Kitau, ncha ya kisiwa cha Manda. Yapata mwaka 1812 au 1813, majeshi ya Pate na ya Mazrui wa Mombasa yalishuka Shela ili kuitiisha Lamu, yakashindwa vibaya. Masimulizi ya wenyeji husema kwamba walioshindwa walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimekwama, maji yamekupwa. Ushindi ule ulikuwa wa Waamu wenyewe. Hata hivyo, kwa kuhofia kisasi, wazee wa Lamu walimwendea Seyyid Said bin Sultan wa Oman kuomba himaya, naye akawapelekea liwali na askari. Tangu hapo ulinzi wa mji ukawa mikononi mwa mtu mwingine.

Nimeanza na kisa hicho kwa kuwa mtu ninayetaka kumzungumzia leo alikuja kulibeba jukumu hilo hilo la ulinzi miaka sitini na kitu baadaye. Huyu ni Lloyd William Mathews, jenerali wa jeshi la Sultani wa Zanzibar. Kazi yangu ni isimu, si historia, na ninachokihoji ni neno moja dogo: hilo "la" katika "jeshi la Sultani". Kiunganishi hiki hubeba maana nyingi. Jeshi laweza kuwa la mtu kwa kuwa analilipa mishahara, au kwa kuwa limepewa jina lake, au kwa kuwa linamtii. Maisha ya Mathews yatuonyesha jinsi maana hizo zinavyoweza kutengana.

Alizaliwa Machi 1850 huko Funchal, katika kisiwa cha Madeira, akaingia katika jeshi la wanamaji la Uingereza mwaka 1863 akiwa mtoto wa miaka 13. Alipigana vita vya Asante vya 1873 na 1874. Mwaka 1875 akaja Zanzibar katika manowari London, iliyowekwa huko kuwinda majahazi ya watumwa. Mwaka huo huo majeshi ya Misri, ambayo miongoni mwa maofisa wake alikuwamo Mmarekani Charles Chaillé-Long, yaliiteka Kismayu, kaskazini ya Lamu. Waliondoka kwa shinikizo la Uingereza, si kwa nguvu za Sultani. Seyyid Barghash hakuhitaji kuelezwa zaidi juu ya udhaifu wake.

Mwaka 1877 Mathews aliazimwa kwa Sultani ili aunde jeshi la mtindo wa Ulaya. Askari wake wengi walikuwa Waafrika, na bunduki zilitoka Uingereza. Aliwafunza gwaride na shabaha, akakijua Kiswahili, na baada ya miaka michache kikosi kidogo kikawa jeshi lenye zaidi ya watu elfu. Mwaka 1881 aliuacha utumishi wa wanamaji akiwa luteni. Ujenerali, basi, alipewa na Sultani, si na Malkia Victoria.

Mwishoni mwa mwaka huo Kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba na mabaharia wa jahazi la watumwa lililoongozwa na Hindi bin Khatim. Mathews alimwandama Hindi hadi akamtia mkononi. Hapo palikuwa hapana mgongano: alichokitaka Mwingereza ndicho alichokuwa Sultani amekwisha kukitia sahihi katika mikataba.

Mtihani wa pili ulikuja mwaka 1885. Carl Peters alikuwa amepita bara akikusanya mikataba kwa niaba ya Wajerumani, na Barghash akamtuma Mathews Kilimanjaro na Taita. Kule jenerali alipandisha bendera nyekundu, akapata viapo vya utii vya machifu zaidi ya ishirini. Siwezi kumlaumu hata chembe kwa safari ile. Alimtumikia bwana wake kwa uaminifu. Lakini Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana, bila Sultani kuwamo, kwamba mamlaka yake ni visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu. Viapo vya Kilimanjaro vikawa karatasi.

Mwaka 1888, watu wa Pangani walipoinuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani, Mathews alipelekwa huko na askari wa Sultani ili kutuliza mambo. Wenyeji walimkataa, akalazimika kuondoka. Nadhani waliiona mapema tofauti ninayoizungumzia: bendera ilikuwa ya Zanzibar, lakini walioletewa salama walikuwa ni Wajerumani. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza, na mwaka uliofuata Mathews akafanywa Waziri Mkuu. Sultani hakuwa na uwezo wa kumwondoa waziri wake huyo.

Kwa sisi wa upande wa Lamu, sura nzito zaidi ni ya Witu, usultani uliojengwa bara na Wanabhani waliotoka Pate. Manowari za Uingereza ziliuchoma mji huo Oktoba 1890, baada ya kuuawa kwa Wajerumani waliokuwa huko. Mwaka 1893, Kampuni ya Kiingereza ilipojitoa, Mathews alishiriki katika msafara mwingine dhidi ya Fumo Omari, ngome za Pumwani na Jongeni zikabomolewa, na askari wa Zanzibar wakawekwa huko. Msomaji akumbuke kwamba misitu ya Witu ilikuwa kimbilio la watoro wengi waliowakimbia mabwana wao. Jenerali aliyeanza kazi kwa kuwinda wafanyabiashara ya watumwa alikuwa sasa akivunja ngome za watu waliojikomboa wenyewe.

Agosti 25, 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme bila idhini ya Uingereza. Mathews alikuwa miongoni mwa waliompelekea onyo. Asubuhi ya Agosti 27 manowari zikapiga jumba kwa dakika zisizozidi 45, na watu wa Khalid wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa. Askari wapatao 900 wa jeshi alilolianzisha Mathews, wakiongozwa na Mwingereza aliyemrithi, walisimama upande wa manowari. Jumba alilolijenga Barghash, aliyewalipa askari wa kwanza, likapigwa huku jeshi lake likitazama.

Najua kuna watakaonijibu kwamba usultani wenyewe ulisimama juu ya migongo ya watumwa, na kwamba chini ya Waziri Mkuu huyu ndipo amri ya Aprili 6, 1897 ilipoiondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Ni kweli, na si jambo dogo. Mathews hakuwa mnyang'anyi. Aliishi Zanzibar hadi malaria ilipomuua Oktoba 11, 1901, na kaburi lake liko huko. Lakini wema wa mtu haujibu swali la mamlaka. Desemba 1895 Lamu na pwani yote ilikuwa imekwisha kukabidhiwa Waingereza kwa kodi ya kila mwaka, na ikabaki ya Sultani kwa jina hadi Desemba 1963. Hakuna mtu wa Lamu aliyeulizwa.

Wazee waliomwendea Seyyid Said walikuwa na sababu, na Barghash alikuwa na sababu alipomwazima luteni wa kigeni. Kila mmoja alikuwa na hofu ya kweli. Lakini aliyeleta bunduki ndiye aliyeamua, mwishoni, zielekezwe wapi. Serikali zetu za leo nazo hutia sahihi mapatano ya mafunzo, silaha na kambi na mataifa yenye nguvu, na huenda kila pato lina manufaa yake. Ninachoomba ni kwamba wananchi waonyeshwe mapatano hayo, na kwamba kabla ya kalamu kushikwa aulizwe anayetia sahihi: siku maslahi yetu na yao yatakapoachana, jeshi hili litamtii nani?