Margaret Dayhoff: Mama aliyefundisha kompyuta kusoma ukoo wa viumbe

Ukikulia Kitale, mahindi si chakula tu. Ni karo, ni mahari, ni dawa ya nyanya. Ndiyo maana ule ugonjwa ulioonekana Bomet mwaka wa 2011, halafu ukafika kwetu Trans Nzoia, ulitutia baridi. Majani yanageuka manjano, mmea unakauka, unavuna hewa.

Wanasayansi walichukua majani hayo, wakasoma herufi za jeni za virusi vilivyokuwamo, wakazilinganisha na zile zilizowekwa kwenye hazina za dunia. Vilikuwa virusi viwili vinavyoshirikiana kuua mahindi, na kimoja kilifanana zaidi na kile cha Yunnan, Uchina.

Sasa jiulize, nani alianzisha hii mambo ya kuuliza kompyuta kiumbe fulani ni ndugu ya nani? Ukifuata hiyo njia nyuma, unafika kwa Margaret Dayhoff. Wasee wengi wa kompyuta hawamjui, na ni aibu.

Alizaliwa Philadelphia, Marekani, tarehe 11 Machi 1925, mtoto wa pekee. Alipokuwa na miaka 10 familia ilihamia New York. Kwa hesabu alikuwa moto. Alimaliza shule ya upili mwaka wa 1942 akiwa wa kwanza, akapata ufadhili wa Chuo Kikuu cha New York, na kufikia 1948 alikuwa na shahada ya uzamifu kutoka Columbia. Kwenye utafiti wake alichukua mashine za kadi za matundu, zile kampuni zilitumia kupiga hesabu za biashara, akazifanyisha hesabu za nishati ya molekuli. Yaani watu wengi hawajawahi hata kuona kompyuta, yeye tayari anabebesha mashine kemia.

Mwaka huo huo aliolewa na mwanafizikia Edward Dayhoff. Wakapata mabinti wawili, Ruth na Judith. Na hapa ndipo maisha yake yalinishika. Katika miaka ya 1950 aliweka utafiti kando kwa miaka kadhaa, akalea. Sayansi haikumngoja, lakini yeye alirudi. Mwaka wa 1960 aliingia taasisi ya utafiti wa tiba iliyoongozwa na Robert Ledley, daktari wa meno aliyependa kompyuta kuliko meno.

Siku hizo protini ilisomwa vipande vipande, kama gazeti lililochanwa na mtoto. Mwaka wa 1962 Dayhoff na Ledley walieleza programu yao, COMPROTEIN, iliyotumia mashine ya IBM 7090 kuunganisha vipande hivyo. Halafu Dayhoff akaona shida kubwa zaidi: protini zilizokwisha kusomwa zilikuwa zimetawanyika kwenye majarida, kila moja kivyake. Akazikusanya. Mwaka wa 1965 yeye na wenzake wakatoa kitabu cha protini 65. Leo 65 inaonekana mchezo, lakini hiyo ndiyo mbegu ya hazina zote tunazotafuta ndani yake sasa.

Kadi za kompyuta zilikuwa na nafasi ndogo, na majina ya asidi amino yaliandikwa kwa herufi tatu. Yeye akayapunguza hadi herufi moja moja. Ukiona protini imeandikwa kama neno refu lisilosomeka, M, K, W, R zikifuatana, huo ni mwandiko wake.

Kazi yake kubwa zaidi ilikamilika 1978. Fikiria lugha zetu. Mbukusu wa Bungoma akisema kamechi, Mwanga akisema amatsi, na Mswahili akisema maji, sikio linajua hayo ni maneno ya ukoo mmoja, kwa sababu sauti hizo huzoea kubadilishana. Kuna sauti zingine hazibadilishani ovyo. Protini ni hivyo hivyo. Dayhoff na wenzake walichukua jamii 71 za protini zinazokaribiana, wakahesabu mabadiliko 1,572, wakatengeneza jedwali la PAM: badiliko la kawaida linapata alama nzuri, la ajabu linakatwa alama. Kuanzia hapo kompyuta ingeweza kutofautisha undugu na sura kufanana tu.

BLAST, programu ya kutafuta mifanano ambayo kila mtu anaitumia, ilitoka 1990. Siku hizi kwa protini huanza na jedwali jipya zaidi, BLOSUM62 la 1992, lakini wazo la kupa kila badiliko alama yake lina mkono wa huyu mama.

Mimi nilijua umuhimu wa hizo alama kwa kuaibika. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, nikajifunza Python kwenye saiba Bungoma. Rafiki yangu wa Kitale akanipa faili la BLAST la protini za mahindi, safu 12, maelfu ya mistari, nimchujie. Nikapanga kwa safu ya tatu, asilimia ya kufanana, nikampelekea zile za 100 zikiwa juu. Nyingi zilikuwa vipande vya herufi kumi na kitu. Neno 'na' liko katika kila kitabu, lakini hilo halifanyi vitabu kuwa ndugu.

Nikahamia safu ya 11, thamani ya E, inayokadiria ni mifanano mingapi ya namna hiyo ingetokea kwa bahati tu kwenye hazina ya ukubwa ule. Ikiwa ndogo ndiyo bora. Nikakosea tena: programu yangu ilisoma namba kama maandishi, ikaweka 0.5 mbele ya 2e-80. Geuza kuwa namba kwanza, ndipo upange. Kisha angalia urefu wa mfanano, na safu ya 12 yenye alama. Mstari wa juu ukiuamini bila kuupima, mtu anaweza kwenda kutibu ugonjwa usiokuwa shambani.

Dayhoff naye alionja kushindwa. Hazina yake ilikuwa ikiuzwa, na baadhi ya wanasayansi hawakupenda kutoa data yao kwa mtu anayeimiliki. Mwaka wa 1980 aliifungua itafutwe kupitia laini ya simu. Lakini serikali ilipotoa kandarasi ya hazina ya taifa ya DNA mwaka wa 1982, GenBank, ilienda kwa timu ya Los Alamos. Tarehe 5 Februari 1983 moyo wake ulisimama, akiwa na miaka 57.

GenBank iliyomshinda iko wazi kwa kila mtu, hata mimi wa saiba. Hapo nadhani upande ule mwingine ulikuwa sahihi. Lakini bila mtu wa kwanza kukusanya na kuhesabu, kungekuwa hakuna cha kufungua.

Wikendi hii nitapanda matatu kupitia Kamukuywa hadi Kitale, nimpelekee rafiki yangu faili lililorekebishwa. Safari hii nimelipima.