Jackie Robinson: Nyota wa besiboli aliyelipia ukimya wake

NDEGE ya kwanza ya wanafunzi iliyotokana na juhudi za marehemu Tom Mboya iliondoka Nairobi Septemba 1959 ikiwa na vijana 81 waliokuwa wakienda kusoma katika vyuo vya Marekani. Nauli yao ilipatikana kwa michango ya Wamarekani, na barua ya kuwarai wachange ilikuwa na sahihi za watu watatu mashuhuri: mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji mstaafu Jackie Robinson.

Wawili wa kwanza wanafahamika vyema hapa nchini kupitia nyimbo na filamu zao. Robinson hatajwi sana, na sababu ni nyepesi. Mchezo uliompa jina, besiboli, haujawahi kupata mizizi katika nchi hii ya riadha na kandanda. Hata hivyo, maisha yake yanaeleweka vizuri hata na asiyeujua mchezo wenyewe, mradi ashike mambo machache. Mrushaji huvurumisha mpira kwa kasi, na mpigaji wa timu pinzani hujaribu kuupiga kwa gongo. Akifaulu, hukimbia akipitia vituo vitatu hadi arejee mahali alipoanzia, na hapo timu yake hupata pointi. Mkimbiaji aweza pia kuiba kituo, yaani kuchomoka kwenda kituo kinachofuata wakati mrushaji anajiandaa kurusha. Wizi huo ulikuwa silaha kuu ya Robinson.

Jack Roosevelt Robinson alizaliwa Januari 31, 1919, karibu na mji wa Cairo, jimbo la Georgia, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto watano. Wazazi wake walilima shamba la mwenye nyumba wa Kizungu kwa kugawana naye mavuno. Baba aliitoroka familia, na mwaka wa 1920 mama, Mallie, akawafunganya wanawe akapanda nao garimoshi hadi Pasadena, California, alikofanya kazi za nyumbani kwa Wazungu.

Vipaji vilikuwa vya ukoo. Kakake, Mack, alishinda nishani ya fedha katika mbio za mita 200 kwenye Olimpiki za Berlin mwaka wa 1936, nyuma ya Jesse Owens. Aliporudi Pasadena na nishani yake, kazi aliyoipata ilikuwa ya kufagia barabara. Wanariadha wetu waliowahi kurejea nyumbani wakasahauliwa wataielewa hadithi hiyo bila mkalimani. Jackie mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa Chuo Kikuu cha UCLA kuwakilisha chuo hicho katika michezo minne: kandanda ya Kimarekani, mpira wa vikapu, riadha na besiboli. Mwaka wa 1940 alikuwa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani katika kuruka mbali.

Vita Vikuu vya Pili vilimfikisha jeshini, na mwaka wa 1943 akapewa cheo cha luteni. Julai 1944, katika kambi ya Camp Hood, Texas, dereva wa basi alimwamuru ahamie viti vya nyuma. Robinson alikataa katakata. Alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na Agosti mwaka huo akaondolewa mashtaka. Hayo yalitukia miaka 11 kabla ya Rosa Parks kukataa kuondoka kitini mwake mjini Montgomery. Tukio hilo lafaa kukumbukwa, kwa kuwa linaonyesha aina ya mtu ambaye muda mfupi baadaye aliombwa asijibu matusi.

Wakati huo wachezaji weusi walikuwa na ligi zao, na tangu miaka ya 1880 hapakuwa na hata mmoja aliyeruhusiwa kucheza katika ligi kuu. Haikuwa kanuni iliyoandikwa mahali popote. Yalikuwa maafikiano ya wenye timu. Aliyeamua kuyavunja ni Branch Rickey, msimamizi wa timu ya Brooklyn Dodgers ya New York. Rickey alikuwa Mkristo wa kanisa la Methodisti, mshika dini kwelikweli. Alikuwa pia mfanyabiashara aliyejua kwamba hazina ya vipaji ilikuwa imelala bila mnunuzi. Nadhani haina haja kubishana ni lipi kati ya mawili hayo lililomsukuma zaidi.

Robinson alikuwa akiichezea Kansas City Monarchs Rickey alipomwita ofisini mwake Agosti 28, 1945. Kwa takriban saa tatu, Rickey alimwigizia matusi yote ambayo angetukanwa uwanjani, hotelini na garimoshini, kisha akamtaka aahidi kwamba kwa kipindi cha mwanzo hatajibu, si kwa neno wala kwa ngumi. Robinson aliahidi. Februari 1946 alimwoa Rachel Isum, muuguzi aliyekutana naye UCLA, na msimu huo akaichezea timu ya Montreal, tawi la Dodgers nchini Canada, ambako aliongoza ligi kwa upigaji.

Aprili 15, 1947, aliingia uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn, akiwa na jezi nambari 42. Hakupiga mpira wowote wa maana siku hiyo, ila alizunguka vituo akafunga pointi moja, na Dodgers ikailaza Boston Braves. Kabla ya hapo, baadhi ya wenzake kutoka majimbo ya kusini walikuwa wameanza kupanga waraka wa kumkataa. Kocha Leo Durocher akawaita usiku na kuwaonya kwamba asiyetaka kucheza na Robinson atafute timu nyingine. Wiki moja baada ya mechi ya kwanza, Philadelphia Phillies walifika Brooklyn, na kocha wao, Ben Chapman, akaongoza kikosi chake kumtupia Robinson matusi ya rangi mechi nzima. Ajabu ni kwamba Chapman alileta umoja ambao pengine kocha wa Brooklyn asingeupata kwa hotuba. Eddie Stanky, mchezaji ambaye hakumpenda Robinson hapo awali, ndiye aliyesimama kuwakaripia Phillies.

Vitisho vya kuuawa vilikuja kwa posta. Hoteli zilimfungia milango. Robinson alitimiza ahadi, na jibu lake likawa miguu. Aliiba vituo 29 msimu huo, idadi kubwa kuliko ya mchezaji yeyote katika ligi ya National, akatunukiwa tuzo ya mchezaji mpya bora iliyotolewa kwa mara ya kwanza kabisa mwaka huo. Dodgers ilishinda ligi, lakini ikashindwa na New York Yankees mechi nne kwa tatu katika fainali za World Series.

Hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka wanapomtukuza Robinson. Milango aliyoifungua ilijenga timu. Roy Campanella, mdakaji, alijiunga mwaka wa 1948 na akawa mchezaji bora wa ligi mara tatu, mwaka wa 1951, 1953 na 1955. Mrushaji Don Newcombe alifuata mwaka wa 1949 na kutawazwa mchezaji mpya bora. Joe Black alipata tuzo hiyo mwaka wa 1952 na Jim Gilliam mwaka wa 1953. Ukiwaunganisha hao na Wazungu waliokuwapo, akina Pee Wee Reese, Duke Snider, Gil Hodges na Carl Furillo, unapata kikosi kilichotwaa ligi mara sita katika misimu kumi ya Robinson. Timu zilizosita kusajili weusi ziliachwa nyuma, isipokuwa moja: Yankees, ambao hawakuwa na mchezaji mweusi hadi Elston Howard mwaka wa 1955, na bado waliifunga Brooklyn katika fainali za 1947, 1949, 1952 na 1953.

Msimu wa 1949 ndio uliokuwa kilele cha Robinson. Kipindi cha ukimya kilikuwa kimekwisha, na sasa alijibizana na waamuzi na wapinzani. Alikuwa na wastani wa kupiga wa 0.342, akaiba vituo 37, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Wapo magazetini waliomsifu alipokuwa kimya na ambao sasa walianza kumwita mkorofi. Robinson hakujali.

Hata hivyo, Mbrooklyn wa umri mkubwa ukimtajia 1951 angetikisa kichwa. Agosti mwaka huo Dodgers ilikuwa mbele ya majirani zao, New York Giants, kwa pengo la mechi 13 na nusu. Pengo likayeyuka. Siku ya mwisho ya msimu, mjini Philadelphia, Robinson aliruka akaudaka mpira uliokuwa ukielekea kuwapa Phillies ushindi, akaanguka vibaya, akainuka, na katika zamu ya 14 akaupiga mpira nje ya uwanja. Dodgers ikashinda 9-8 na kulingana na Giants. Mechi tatu za kuamua bingwa zikafuata. Katika ya mwisho, Oktoba 3, Brooklyn ikiongoza 4-2, Bobby Thomson wa Giants aliupiga mpira wa Ralph Branca hadi kwa mashabiki, na kila kitu kikawa kimekwisha. Wachezaji wa Dodgers waliondoka uwanjani vichwa chini. Robinson alibaki akimtazama Thomson kuhakikisha anakanyaga kila kituo. Mwaka wa 2001 ilifichuliwa kwamba Giants walikuwa wakitumia darubini msimu huo kusoma ishara za wapinzani.

Ushindi ulikuja mwaka wa 1955, Robinson akiwa na umri wa miaka 36, mzito na mwenye mvi. Katika mechi ya kwanza ya fainali dhidi ya Yankees alichomoka kutoka kituo cha tatu akaiba pointi machoni pa mdakaji Yogi Berra, ambaye alimrukia mwamuzi kwa hasira na kushikilia hadi uzeeni kwamba Robinson hakufika. Dodgers ilipoteza mechi hiyo na iliyofuata, kisha ikageuza kibao. Mechi ya saba ilishindwa 2-0 kwa mikono ya mrushaji chipukizi Johnny Podres na udakaji wa Mcuba Sandy Amoros. Robinson hakucheza siku hiyo. Brooklyn ilipata taji lake la kwanza na la pekee huku aliyelipigania kwa miaka tisa akitazama kutoka benchi.

Mwaka uliofuata Yankees walilipiza kisasi, na Desemba 1956 Dodgers ikamuuza Robinson kwa Giants, mahasimu wale wale. Hawakujua kwamba alikuwa ameshaamua kustaafu na kujiunga na kampuni ya kahawa ya Chock full o'Nuts kama makamu wa rais. Dodgers yenyewe ilihamia Los Angeles baada ya msimu wa 1957, na uwanja wa Ebbets Field ukabomolewa mwaka wa 1960.

Nje ya uwanja njia yake haikunyooka. Mwaka wa 1949 alikubali kwenda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kumpinga mwimbaji Paul Robeson, aliyeshukiwa kuwa mkomunisti. Huyu ndiye Robeson ambaye Jomo Kenyatta aliwahi kuonekana naye katika filamu ya mwaka wa 1935. Katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka wa 1972, Robinson alikiri kwamba kwa umri na busara aliyopata, asingeukubali tena mwaliko huo. Mwaka wa 1960 alimuunga mkono Richard Nixon dhidi ya John Kennedy, na akamsihi Nixon asaidie serikali kuwalipia nauli wanafunzi wa Mboya wa awamu ya pili. Fedha zikatoka kwa wakfu wa familia ya Kennedy badala yake, na miongoni mwa waliosafiri mwaka huo ni Wangari Maathai. Baadaye Robinson alivunjwa moyo na Nixon.

Mwaka wa 1962 alikuwa Mweusi wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli. Kisukari kilikuwa tayari kinamla. Mwanawe wa kwanza, Jackie, alirudi kutoka vita vya Vietnam akiwa mraibu wa dawa za kulevya, akajinasua, kisha akafa katika ajali ya gari mnamo Juni 1971 akiwa na umri wa miaka 24.

Oktoba 15, 1972, Robinson, karibu kipofu na nywele zikiwa nyeupe pepe, aliheshimiwa kwenye fainali mjini Cincinnati. Wakubwa wa mchezo walitarajia shukrani tu. Aliwashukuru, kisha akawaambia kwamba furaha yake itazidi siku atakapomwona Mweusi akiwa kocha wa timu. Siku tisa baadaye, Oktoba 24, alifariki kwa ugonjwa wa moyo nyumbani kwake Stamford, Connecticut. Alikuwa na umri wa miaka 53. Timu ya Cleveland ilimpa Frank Robinson, ambaye hakuwa na undugu naye, kazi ya ukocha katika msimu wa 1975. Aprili 1997 jezi nambari 42 ilistaafishwa katika timu zote za ligi kuu.

Alizikwa Brooklyn, kando ya mwanawe. Mwana mwingine, David, alihamia Tanzania katika miaka ya 1980 na kuanzisha shamba la kahawa eneo la Mbozi, kusini-magharibi mwa nchi hiyo.