Sayyida Salme na Nguo za Nchi Mbili

Mwezi wa Juni ukiingia, ukungu hushuka kutoka msitu wa Ngorongoro mpaka kwenye mashamba yetu ya Karatu. Kina mama huanza kutafuta masweta, makoti na blanketi. Ukingo wa bonde la Ngorongoro uko juu ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake si mzaha. Wakati huo huo, ndugu zetu wa Unguja wanavaa nguo zile zile nyepesi walizovaa Januari. Kwao upepo hubadilika, kaskazi ikaondoka na kusi ikaja, lakini sanduku la nguo halibadiliki sana.

Wasomaji wapenzi, tumeona vema tuwasimulie habari za mwanamke mmoja aliyetoka katika nchi ya sanduku moja la nguo akaenda kuishi katika nchi ya majira manne. Wengi wamelisikia jina lake. Ni Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Unguja, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete. Habari zake husimuliwa sana kama habari za mapenzi na za siasa. Sisi tuliofundishwa ushonaji chuoni, kisha tukaufundisha kwa miaka mingi, tunapenda kuzitazama kwa upande wa mavazi, maana hapo pana somo kwetu sote.

Binti wa Mtoni

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Magofu ya jumba hilo yapo ufukoni mpaka leo. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi, aliyetwaliwa utumwani angali mtoto mdogo. Nyumba ile ilikuwa na watu wa mataifa mengi na lugha nyingi, na kila kundi lilikuwa na desturi zake.

Merikebu za Sultani zilipofika na shehena, vitambaa viligawanywa kwa watu wa nyumba. Baada ya hapo sindano zilianza kazi. Salme mwenyewe aliandika baadaye kwamba wanawake wa jumbani hawakukaa bure kama watu wa Ulaya walivyodhani. Walishona, walitarizi na kufuma lesi.

Vazi la mwanamke lilikuwa la namna moja: kanzu, suruali ndefu yenye marinda miguuni, na kitambaa cha kichwa. Mkato ulikuwa karibu ule ule kwa tajiri na kwa maskini. Tofauti ilikuwa katika kitambaa na mapambo. Mmoja alivaa hariri au atlasi yenye nyuzi za dhahabu, mwingine pamba ya kawaida. Bibi wa daraja alipotoka nje alijitanda shela na kufunika uso kwa barakoa. Ndani ya nyumba alivaa mitalawanda, na nguo zilifukizwa udi na kutiwa harufu ya asumini. Kanga tunazozijua leo zilikuwa hazijaenea bado, kwani hizo zilishika pwani mwishoni mwa karne ya 19.

Mshonaji yeyote ataona kwamba vazi lile lilikuwa na akili. Lilikuwa pana, upepo ukapita. Lilisitiri mwili bila kuubana. Liliweza kufuliwa na kukauka upesi. Lilishonwa kwa ajili ya joto la Unguja.

Salme hakutosheka na sindano peke yake. Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Yeye alijifundisha kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Baba yake alifariki mwaka 1856, na mama yake mwaka 1859. Mwaka huo huo kaka yake Barghash alijaribu kumpindua ndugu yao, Sultani Majid. Salme, aliyekuwa na umri wa miaka 15 tu, aliandika barua za Barghash, maana alikuwa mwanamke mwenye kalamu. Jaribio lile lilishindwa, na yeye akabaki na lawama ya upande mmoja na mwingine.

Safari ya Aden

Baadaye alikaa mjini, jirani na kijana Mjerumani aliyeitwa Heinrich Ruete, aliyefanya kazi katika nyumba ya biashara ya Hansing. Wakapendana, na Salme akashika mimba. Kwa binti wa Sultani jambo hilo lilikuwa la hatari kubwa. Agosti 1866 alitoroka usiku kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, akafika Aden. Huko alikaa kwa watu wa Hispania aliowafahamu tangu Unguja, akifundishwa dini ya Kikristo. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa huko Aden.

Tarehe 30 Mei 1867, katika kanisa la Waingereza la Aden, alibatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyo hiyo akafunga ndoa na Heinrich. Kisha wakapanda merikebu kwenda Ulaya. Mtoto wao alifariki njiani.

Katika muda mfupi huo alibadili dini, jina, nchi, lugha na mavazi. Ubatizo hauna mkato wa nguo. Mtu hubatizwa akiwa amevaa kanga, ngozi au kanzu, na neema ni ile ile. Lakini kwa Salme mambo yote yalikuja kwa pamoja, kama vile jina jipya na gauni la Kizungu ni kitu kimoja.

Baridi ya Hamburg

Hamburg ni mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani. Majira ya baridi maji huganda, na jua huzama mchana bado mchanga. Mtu aliyezaliwa Mtoni alikuwa hajapata kuona jambo kama hilo. Ilimpasa kujifunza kuvaa upya kama mtoto.

Mavazi ya mabibi wa Ulaya ya miaka ile yalikuwa kazi nzito. Ndani kabisa palikuwa na shimizi, juu yake mkanda mgumu wa kubana kiuno, kisha sketi za ndani moja juu ya nyingine. Gauni lenyewe lilitanuliwa kwa pingili za chuma. Wakati wa baridi ziliongezwa soksi za sufi, glavu na joho zito. Kuongeza tabaka ni busara, maana hewa iliyoshikwa katikati ya nguo ndiyo inayotunza joto. Lakini mkanda wa kiunoni na pingili za chuma havikuwa vya baridi wala vya joto. Vilikuwa vya kutazamwa tu.

Tena Salme, aliyezoea kufunika uso mbele ya wageni, sasa alitembea uso wazi katika mji ambamo watu walimkodolea macho. Picha yake ijulikanayo kuliko zote inamwonyesha katika vazi la Unguja, nasi tukiitazama twafikiri ilipigwa kwao. Sivyo. Ilipigwa Hamburg. Alivaa tena nguo za nyumbani ili apigwe picha, kisha akazivua na kurudi kwenye baridi.

Walizaa watoto watatu zaidi, Antonie, Rudolph na Rosalie. Mwezi wa Agosti 1870 Heinrich alikufa kwa ajali ya tramu ya farasi. Salme alikuwa hajatimiza miaka 26, naye akabaki na watoto wadogo watatu katika nchi asiyoijua vema. Kwao, mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, akizungukwa na ndugu. Huko hakuwa na dada wala shangazi wa kukaa naye. Fedha zikapungua. Alihama mji hata mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin na kwingineko, akafundisha Kiarabu ili watoto wale. Binti wa Sultani akawa mwalimu. Sisi walimu tunamheshimu kwa hilo.

Mwaka 1885 alirudi Unguja pamoja na watoto wake, lakini alifika na manowari za Wajerumani, nao walikuwa na shabaha zao za kutafuta makoloni. Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani, alikataa kumwona. Alijaribu tena mwaka 1888, na urithi wake hakuupata. Mwaka 1886 alikuwa ametoa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani, na humo mnatoka habari nyingi tulizozitaja hapa. Hakujificha: imani ya kwanza aliiacha, na ya pili aliona haijamkaa sawasawa, nchi ya kwanza ilimfungia mlango, na ya pili ilimfungulia nusu.

Aliishi miaka mingi Beirut, akarudi Ujerumani mwaka 1914, na kufariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924. Amezikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf. Husimuliwa kwamba mpaka mwisho alitunza kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja.

Somo kwetu

Katika habari hizi tunaona kwamba nguo ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuutunza mwili katika majira yake na kazi zake. Ya pili ni kumwambia mtu kwamba yumo nyumbani. Salme alipata koti la kutosha, lakini kazi ile ya pili koti halikuiweza.

Sisi wa mkoa wa Arusha tunalijua jambo hili. Bibi za Wairaqw walivaa ngozi zilizolainishwa vizuri na kupambwa kwa shanga, na mama wa Kidatoga bado wapo wanaozivaa. Ngozi huzuia upepo wa Ngorongoro kuliko khanga yoyote. Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1960 ilipigwa mbiu katika mkoa huu kwamba Wamasai waache mavazi yao na kuvaa ya kisasa, na wengine walikataliwa kupanda mabasi kwa sababu ya shuka. Vazi lao lilihukumiwa kwa macho ya watu. Baridi na kazi ya kuchunga hazikuulizwa.

Basi, kina mama na binti zetu wenye vyerehani, tushone kwa akili. Gauni la masika lisifike chini, lisije likazoa tope. La Juni hadi Agosti tulitie bitana ya flaneli, mikono mirefu yenye kifungo, na kola ya kufunga shingo. La kiangazi liwe la pamba nyepesi na pana. La mtoto tuliachie pindo pana na mshono wenye akiba ndani, lifumuliwe mwaka ujao. Sufi iliyolowa bado hutunza joto, lakini pamba iliyolowa humpoza mtu, hivyo kitenge peke yake hakitoshi katika mvua ya Karatu.

Tena kila mwaka huja kwetu wageni kutoka pwani: mwalimu mpya, muuguzi, bibi harusi. Hufika Juni na nguo za Tanga au za Unguja. Tusimcheke anayetetemeka, wala tusimpime imani kwa urefu wa gauni. Tumpelekee sweta, kisha tumkaribishe jikoni akae nasi karibu na moto. Salme alipata sweta. Moto wa jikoni, wenye watu wa kumwita dada, aliutafuta miaka 57 tangu siku ile ya Aden.