Joginder Singh: fundi wa gereji aliyeishinda Safari mara tatu

Kwa wakazi wa Korogwe, Lushoto na Muheza, masika si habari ya kusikia redioni tu. Ni msimu ambao basi hukwama, lori hulala njiani na fundi wa gereji hana nafasi ya kupumua. Kwa miaka mingi, mashindano makubwa kuliko yote ya magari Afrika Mashariki yalifanywa makusudi wakati huo, sikukuu ya Pasaka, matope yanapoanza. Yaliitwa Safari. Mtu wa kwanza kuyashinda mara tatu hakuwa tajiri aliyezaliwa na fedha. Alikuwa fundi, jina lake Joginder Singh.

Katika makala haya tunaeleza maisha yake, pamoja na magari mawili yaliyompa ushindi: Volvo PV544 na Mitsubishi Lancer. Yote mawili yalitokana na magari ya kawaida, ya aina iliyouzwa madukani.

Mtoto wa gereji

Joginder Singh alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 huko Kericho, kwenye mashamba ya chai ya magharibi mwa Kenya. Wazazi wake walikuwa Masingasinga waliotoka Punjab, India. Baba yake alikuwa na gereji, na humo ndimo mtoto alimojifunza injini. Baada ya shule alifanya kazi ya ufundi katika gereji mbalimbali, kisha akaajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani na gari la huduma, akiwasaidia madereva walioharibikiwa njiani.

Ukiifikiria, ile ilikuwa shule ya pekee. Kila siku aliona kinachovunjika kwenye barabara zetu: springi, rejeta, tangi la mafuta lililotobolewa na jiwe. Kila siku alitakiwa kulirudisha gari barabarani kwa vifaa alivyokuwa navyo, si kwa vile ambavyo angetamani kuwa navyo.

Tukumbuke pia kwamba hizo zilikuwa zama za ukoloni. Jamii ilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mashindano ya magari yalikuwa starehe ya Wazungu. Mhindi alitazamiwa kulitengeneza gari, si kuliendesha kwenye mashindano.

Mashindano ya magari ya dukani

Safari ilianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Eric Cecil na wenzake waliokuwa Kenya hawakutaka kuzunguka uwanja mmoja siku nzima. Walitaka mashindano ya kuvuka nchi: Kenya, Uganda na Tanganyika. Njia ilikuwa ya kilomita elfu kadhaa za vumbi, mawe na matope, mchana na usiku.

Kanuni moja ya mwanzo inafaa kuelezwa. Magari yaligawanywa katika makundi kwa bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini. Kwa hiyo mnunuzi wa kawaida aliweza kuona ni gari gani la bei yake linalostahimili barabara za Afrika. Ndiyo maana viwanda vya Ulaya, na baadaye Japani, vilianza kuitazama Safari kwa makini. Gari lililoshinda huku liliuzika. Watu wazima wengi wanaikumbuka Peugeot 404, na sifa yake ya ugumu ilitokana kwa sehemu na ushindi wake kwenye Safari katika miaka ya 1960.

Ugumu wa mashindano yenyewe unaonekana kwa hesabu. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, na tena yakamaliza 7 tu. Madereva mashuhuri wa Ulaya walikuja kila mwaka na kurudi mikono mitupu. Hadi mwaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda kwa Ford Escort, hakuna dereva mgeni aliyekuwa ameweza.

Volvo iliyokwisha kutumika

Joginder aliingia Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Ushindi wake wa kwanza ulikuja mwaka 1965, na gari aliloendesha halikuwa jipya.

Volvo PV544 ilitengenezwa Sweden, nchi yenye barabara nyingi za changarawe na baridi kali. Umbo lake lilikuwa la mviringo, la kizamani hata kwa wakati ule, kwani chimbuko lake lilikuwa mfano uliooneshwa mwaka 1944. Lakini bodi yake ilikuwa nzito na imara, na injini yake ya lita 1.8 ilikuwa rahisi kutengenezwa. Mwaka 1964 kiwanda kilileta timu yake kwenye Safari, na mambo yakaenda vibaya. Gari mojawapo liliuzwa hukuhuku. Joginder akalichukua, akalifungua na kuliunda upya kwa mikono yake.

Akiwa na mdogo wake Jaswant kama msoma ramani, alishinda kwa tofauti ya dakika 100. Alikuwa dereva wa kwanza asiye Mzungu kuishinda Safari, na hilo lilitokea miaka miwili tu baada ya Kenya kupata uhuru. Kwa wengi waliokuwa wakifuatilia redioni, ule haukuwa ushindi wa gari peke yake. Watu wakampa majina: Singasinga Arukaye na Simba wa Kenya.

Lancer ndogo dhidi ya Porsche

Miaka tisa ikapita. Mitsubishi ya Japani ilikuwa imeanza kuuza gari dogo liitwalo Lancer mwaka 1973. Kwa mashindano kiwanda kilitayarisha aina ya 1600 GSR, yenye injini ya lita 1.6. Bodi iliongezewa nguvu, lakini gari lilibaki jepesi, chini ya tani moja. Uzito mdogo una faida mbili kwenye matope: gari halizami upesi, na likikwama watu wachache wanaweza kulisukuma.

Mwaka 1974 Joginder, akiwa na David Doig, aliiendesha Lancer dhidi ya Björn Waldegård wa Sweden aliyekuwa na Porsche 911. Kwa mbio za kasi tupu, Porsche ilikuwa gari kubwa zaidi kwa kila hali. Lakini barabara iliitesa, na Lancer ikatangulia kufika. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika michuano ya rali ya dunia. Mwaka 1976 Joginder na Doig walishinda tena, na safari hii Lancer zilichukua nafasi zote tatu za juu. Jina la Lancer liliendelea kukua, na mwaka 1996 mrithi wake, Lancer Evolution, aliishinda Safari mikononi mwa Tommi Mäkinen.

Siri yake

Joginder alishiriki Safari 22 na kumaliza 19. Kwetu sisi, hesabu hii inasema mengi kuliko vikombe vyake vitatu. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, lakini Joginder hakuwa mwenda pole. Alikimbia, ila alijua gari lake linaweza kuvumilia nini. Alisikiliza injini. Wenzake walipoyasukuma magari hadi yakavunjika, yeye alilitunza lake likafika. Huo ni ujuzi wa fundi kabla haujawa ujuzi wa dereva.

Njia iliyofungwa

Kuna jambo moja linalotugusa sisi wa pwani ya kaskazini. Katika miaka ya mwanzo ya Joginder, Safari ilikuwa mali ya nchi zote tatu, na barabara za Milima ya Usambara zilikuwa sehemu ya simulizi yake. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 mashindano yalibaki Kenya peke yake, kwa sababu serikali hazikuelewana tena. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Njia ya Horohoro, ambayo ndugu wa Tanga na Mombasa waliizoea, ikawa mwisho wa safari. Mpaka ulifunguliwa mwaka 1983 na Jumuiya ikafufuliwa, lakini Safari haikurudi kuwa ya nchi tatu. Leo, baada ya kurejeshwa kwenye michuano ya dunia mwaka 2021, bado inafanyika Kenya tu.

Joginder aliacha kushiriki Safari mwaka 1980. Alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alimpita kwa idadi ya ushindi, akifikisha mara tano. Lakini kijana anayejifunza ufundi leo katika gereji ya Segera au Mombo, mikono ikiwa na grisi, ana sababu ya kulikumbuka jina la Joginder kwanza. Alianzia hapo hapo alipo yeye, na gari lililomwinua alilitengeneza mwenyewe.