H.G. Wells: Jemadari wa Askari wa Risasi

Herbert George Wells alizaliwa tarehe 21 Septemba 1866 mjini Bromley, Uingereza, mwana wa mwenye duka dogo lisilo na faida ya kutajika. Mnamo 1874 alivunjika mguu, na vitabu alivyoletewa kitandani vikamfungulia ulimwengu. Ufukara ulimtupa katika uanagenzi wa duka la nguo, kazi aliyoichukia mno, hadi alipopata ufadhili mwaka 1884 wa kusomea sayansi jijini London, ambako T.H. Huxley alimfunza elimu ya viumbe. Riwaya zake, zikiwemo The Time Machine (1895) na The War of the Worlds (1898), zilimpa sifa isiyochuja.

Hata hivyo, wasomaji wengi wa riwaya hizo hawamjui Wells aliyepiga magoti sakafuni akipanga majeshi. Michezo ya vita haikuanza naye. Katika miaka ya 1820 maafisa wa Prussia walikuwa tayari wakiitumia kujifunzia mbinu za mapigano. Wells aliitoa kambini akaiingiza sebuleni. Kampuni ya William Britain ilikuwa imeanza mwaka 1893 kutengeneza askari wa madini ya risasi walio na uwazi ndani, wepesi na wa bei nafuu. Aidha, palikuwa na mizinga midogo ya springi iliyorusha vipande vya mti.

Nyumbani kwake Sandgate, rafiki yake, mwandishi Jerome K. Jerome, alijaribu shabaha kwa mzinga wa aina hiyo, na mzaha huo ukazaa kanuni. Vipande vya mbao vikawa nyumba, vitawi vikawa misitu. Askari wa miguu alisogezwa futi moja, wa farasi futi mbili. Mzinga haukufyatuliwa bila watu wanne kando yake, na saa ilipima muda wa kila zamu. Kanuni hizo alizichapisha mwaka 1913 katika kitabu Little Wars.

Kitabu hicho cha mchezo kilikuwa pia hoja dhidi ya vita. Wells alishikilia kwamba anayecheza mara chache tu hutambua jinsi vita halisi vilivyo mfululizo wa makosa ya makamanda. Askari wa risasi akianguka leo husimamishwa kesho; haachi mjane wala yatima.

Mwaka uliofuata Ulaya iliingia vitani kwa askari wa damu na nyama. La kushangaza ni kwamba Wells mwenyewe aliviunga mkono vita hivyo, akiamini vingekomesha vita vyote. Mwaka huohuo wa 1914, riwaya yake The World Set Free ilibashiri mabomu ya atomiki. Aliishi hadi akasikia Hiroshima na Nagasaki zikiteketezwa mwaka 1945, kisha akafariki London tarehe 13 Agosti 1946.

Wanaopaka rangi majeshi madogo ya kihistoria na kuyapambanisha mezani humhesabu Wells miongoni mwa waasisi wao. Wapo wanaomlaumu kwa kuwazoesha watoto vita. Lakini sakafuni hakumwua mtu. Ikiwa alikosea, alikosea mwaka 1914, alipodhani kwamba vita vya kweli navyo vingetii kanuni na kukoma vilivyopangiwa.